Kati ya mtihani na matokeo: namna ya kukaa na kijana aliyemaliza kidato cha nne

Mtihani wa mwisho wa kidato cha nne ukishaisha, mashati meupe huandikwa majina ya marafiki kwa kalamu za rangi, masanduku ya bati hufungwa kamba, na watoto hutoka getini wakiimba. Mimi hubaki bwenini naokota madaftari yaliyotupwa na ndoo zisizo na mifuniko. Ni matroni wa bweni la wasichana hapa Morogoro tangu mwaka 2009, na kila Novemba basi la mwisho likiondoka huwa najiuliza: huko wanakokwenda, nani atawaangalia mpaka Januari?

Shuleni kuna kengele. Kuamka saa kumi na moja alfajiri, chai, vipindi, chakula, prepo, taa kuzimwa. Mtoto mwenye mawazo ana wenzake wa kulia na wa kushoto, na chumba changu kiko mlango wa tatu. Nyumbani hakuna kengele. Kuna kitanda, kuna simu, kuna mzazi anayetoka saa kumi na mbili asubuhi na kurudi giza limeingia, na kuna matokeo yanayokuja. Kwa wengi wa miaka 16 hadi 19, hii ndiyo mara ya kwanza kukaa miezi miwili bila kujua kesho yao iko wapi.

Haya ninayoyaandika ni kwa mzazi au mlezi mwenye kijana wa namna hiyo ndani ya nyumba. Nimejifunza kwa watoto wa watu niliowalea bwenini. Nimejifunza pia kwa mwanangu wa kumzaa, ambaye nilimkosea, na habari yake nitaifikia.

Jua kwanza amebeba nini

Mzazi akinipigia na kuuliza, "Matroni, huyu ana nini?", anataka jibu moja. Jibu moja silo ninaloliona. Mzigo wa kijana ni kama tita la kuni: ukivuta kijiti kimoja unakuta vingine vimesokotana nacho. Shirika la Afya Duniani linasema mtu 1 kati ya 7 wenye umri wa miaka 10 hadi 19 anaishi na tatizo la afya ya akili. Bweni langu lina vitanda 84. Maana yake ni watoto 12, na mlangoni kwangu kwa mwaka mzima huja watatu au wanne. Wengine wamelala pale pale, wamejifunika shuka.

Anza na kulinganishwa. Mwaka 2023 Baraza la Mitihani lilipoacha kutangaza shule na wanafunzi kumi bora, nilishukuru. Lakini majumbani kumi bora bado tunayo. Mtoto wa dada yupo kwenye orodha, mtoto wa jirani yupo, binti wa mchungaji yupo, na wa kwetu anajua namba yake bila kuambiwa. Nilikuwa na binti aliyepata daraja la kwanza la pointi 15. Alilia siku mbili. Baba yake alikuwa ameshawaambia watu kanisani kwamba mtoto wake analeta pointi 7, na kwenye mtihani huu pointi zikiwa chache ndivyo ufaulu unavyokuwa mkubwa. Kwa hiyo usidhani hofu ni ya wale wanaoelekea sifuri, yaani kufeli kabisa, tu. Mwenye akili nyingi anaweza kuwa ndiye asiyelala, kwa sababu hajapewa ruhusa ya kukosea hata mara moja.

Kisha pesa. Ada ya sekondari ya serikali iliondolewa kwa kidato cha kwanza hadi cha nne tangu 2016, na kwa kidato cha tano na sita tangu 2022. Hilo limesaidia sana. Bado kuna nauli ya kwenda shule aliyopangiwa mkoa mwingine, godoro, sare, viatu, fedha ya matumizi. Mtoto anayemsikia mama yake usiku akihesabu marejesho ya mkopo wa kausha damu, ile mikopo ya mtaani yenye riba kubwa, anafanya hesabu naye gizani. Binti mmoja aliwahi kuniambia, "Matroni, mimi naomba nifeli kidogo tu, ili nisimsumbue mama." Aliyasema haya akitandika kitanda. Nadhani hakujua alivyonipasua moyo.

Kuna kombi, yale masomo matatu ya kidato cha tano na sita. Baba anataka PCB (fizikia, kemia na baiolojia) kwa sababu anamtaka daktari, mtoto anapenda historia na lugha na anaijua kemia yake ilivyo. Fomu ya machaguo imeshajazwa kwa mkono wa baba, na mtoto anasubiri matokeo ambayo yakiwa mazuri yatampeleka asikotaka. Kwake habari njema haipo.

Kuna mapenzi, na hapa naomba usikimbie. Desemba mmoja binti niliyemlea alinipigia kwa simu ya rafiki. Alikuwa na mimba ya miezi miwili. Nikadhani anaogopa kufeli. Alikuwa anaogopa kufaulu: akifaulu atapangiwa shule, akipangiwa shule siri itajulikana. Nikamweleza kwamba tangu Novemba 2021 serikali iliruhusu wanafunzi waliokatishwa masomo na ujauzito warudi shuleni baada ya kujifungua. Hakuwa amelisikia hilo. Alikuwa amekaa wiki tatu chumbani akiamini maisha yake yameisha, na aliyekosa kumwambia ni sisi wakubwa, kwa sababu tulikuwa bado tunakemea.

Kwa wavulana, tazama kubeti. Mtoto anaomba jero, yaani shilingi mia tano, asubuhi, anaomba jero jioni, na usiku wa mechi hakai chini. Mkeka wake wa kubeti ukichanika, yaani akikosa, ananuna siku nzima na wewe unafikiri ni utundu. Wengi hawabeti kwa starehe. Wanatafuta pesa ya kukuonyesha kwamba hawajawa mzigo.

Na simu. Grupu la WhatsApp la darasa halilali. Mara matokeo yanatoka kesho, mara yamevuja, mara fulani ameshaona ya kwake. Kila uzushi unampandisha moyo na kumshusha. Usimnyang'anye simu, ataazima ya jirani. Kubalianeni kwamba usiku inachajiwa sebuleni, na ya kwako iwe pale pale karibu na yake.

Mwili husema kabla ya mdomo

Kijana wa Kitanzania hatakuja kukwambia, "Mama, nina sonona." Ndani ya miaka yangu yote bwenini nimelisikia neno hilo, yaani ugonjwa wa huzuni nzito isiyoachia, kwa watoto mara chache mno. Wanachosema ni "nimechoka", na usingizi hauondoi uchovu huo. Wanasema kichwa kinauma na panadoli hazisaidii. "Moyo unaenda mbio." "Tumbo limekaza." "Sijisikii." Au "poa tu", kila siku, kwa sauti ile ile iliyokatwa.

Bwenini nilikuwa nikiandika kwenye daftari nani anaumwa tumbo na siku gani. Baada ya muda niliona matumbo ya Jumapili jioni yana wenyewe, watoto wale wale, na Jumatatu asubuhi ndiyo siku ya jaribio la hisabati. Fanya hivyo nyumbani. Huhitaji daftari, angalia tu mambo manne: analala saa ngapi na kuamka saa ngapi, anakula nini, anaoga, na bado anafanya kile alichokipenda. Kijana aliyekuwa hakosi mpira wa jioni akaacha kwenda wiki mbili bila kuumia mguu, ameumia mahali pengine. Binti aliyekuwa akisuka wadogo zake kila Jumamosi, sasa anasema hana mikono, huyo mfuate.

Hasira nayo ni dalili. Wazazi wengi hukosea hapa, hasa kwa wavulana. Wanatarajia mwenye huzuni alie, kumbe anapiga mlango teke.

Niliyomfanyia mwanangu

Kijana wangu wa kwanza alimaliza kidato cha nne mwaka 2012. Wanaoukumbuka mwaka ule wanajua. Matokeo yalitangazwa Februari 2013, na zaidi ya nusu ya watahiniwa nchi nzima walipata sifuri. Wangu alikuwa mmoja wao. Kelele zilikuwa bungeni, redioni, kila kona, tume ikaundwa. Na mimi, niliyekuwa nimeshinda bwenini nikiwapangusa machozi mabinti wa watu, nilirudi nyumbani jioni nikamwambia mwanangu, "Umenivua nguo."

Hakubishana. Alisema, "Nisamehe, Mama," akaingia chumbani.

Alikaa humo kama miezi mitatu. Mchana analala, usiku anakula ugali wa baridi amesimama jikoni, taa imezimwa. Nilimwita mvivu. Nilimwitia mjomba wake aje amseme. Mjomba akasema naye, saa nzima, na kijana aliitikia "ndiyo, Mjomba" mpaka mwisho. Mei serikali ikatangaza kuyafuta matokeo yale na kuyapanga upya, mwanangu akatoka na daraja la nne. Watu wakanipongeza. Daraja lilipanda, yeye alibaki alipokuwa. Hapo ndipo nilipoelewa kwamba kilichomlaza hakikuwa karatasi ya matokeo.

Baba yake mdogo, fundi umeme Dodoma, ndiye aliyekuja, akakaa naye siku mbili bila kumuuliza lolote la shule, kisha akaniambia, "Shemeji, huyu mtoto anaumwa. Mpeleke hospitali." Nikampeleka hospitali ya mkoa, kitengo cha afya ya akili, nimejitanda khanga mpaka machoni nisionekane. Muuguzi aliyetupokea ndiye aliyelitaja neno sonona, na akaeleza kwamba inatibika. Mwanangu alikwenda kuzungumza naye mara nyingi, akapewa na dawa kwa kipindi. Ilichukua karibu mwaka. Sasa ni fundi, ana familia yake.

Nilimwomba msamaha mwaka 2014 tukiwa tunamenya mihogo uani. Asingenisikiliza kama ningemkalisha kwenye kochi. Na hilo linanipeleka kwenye jambo ninalotaka ulishike kuliko yote.

Zungumzeni mikono ikiwa na kazi

Usimwite kijana kwenye kikao. Sebule, baba kwenye kiti kikubwa, mama pembeni, shangazi amealikwa, runinga imezimwa: mbele ya baraza kama hilo hata mtu mzima angesema "poa tu". Mchukue mwende mkafanye kitu. Chambueni mchele. Fueni. Palilieni. Mtengeneze banda la kuku. Tembeeni kwenda kusaga. Macho yenu yakiwa kwenye kazi, mdomo wake unafunguka wenyewe, na mkinyamaza, kimya hakimwumizi mtu.

Anza na wewe. Mweleze jambo la kweli lililokutisha ulipokuwa na umri wake, na usilimalizie kwa mawaidha. "Nilipomaliza darasa la saba sikuchaguliwa, nilikaa ndani wiki nzima, niliona aibu kwenda kisimani." Kisha nyamaza. Endelea na mchele. Anaweza asijibu siku hiyo. Atajibu Alhamisi, mkiwa njiani, bila utangulizi.

Uliza maswali yenye mahali na saa. "Una nini?" ni swali pana kama Ruaha. "Usiku jana nilisikia unatembea saa nane, ulikuwa unawaza nini?" hilo lina mlango. "Matokeo yakitoka, ni nani unayemwogopa zaidi?" Mimi nimelitumia swali hili kwa mabinti wengi, na karibu kila mara jibu ni mtu. Ukilijua jina la huyo mtu, una kazi ya kufanya: nenda ukazungumze naye kabla ya Januari. Kama mtu huyo ni wewe, pumua, mshukuru kwa kukwambia, na usijitetee siku hiyo.

Akianza kusema, usimkatize kwa "wenzako wanapata wapi hata chakula" au "sisi zamani tulitembea kilomita kumi". Ni kweli tulitembea. Lakini ukilinganisha machungu, atajifunza kwamba yake hayafiki bei, na hatayaleta tena.

Zipe siku umbo

Kijana asiye na ratiba hukaa na mawazo yake kuanzia anapoamka. Simaanishi umjazie kazi kama adhabu. Msichana aliyemaliza shule ghafla anakuwa dada wa kazi wa nyumba nzima, anaamka wa kwanza na kulala wa mwisho, na hilo lenyewe linaumiza. Gaweni kazi kwa haki, kaka naye aoshe vyombo.

Awe na saa ya kuamka, kazi moja ya nyumbani iliyo yake, jambo moja la kujifunza, na watu wa kukutana nao. Vitatu kati ya hivyo vikipatikana, usilalamike. La kujifunza linaweza kuwa kompyuta, kushona, kusaidia duka la shangazi, au tuisheni ya kujiandaa na kidato cha tano. Kwa tuisheni, muulize kwanza kama anaitaka. Wapo waliochoka kiasi kwamba kuona ubao tu kunawarudishia maumivu ya kichwa. Wape Desemba wapumzike. Kama ana shughuli inayompa hata elfu mbili kwa siku, pesa hiyo isimamie naye, usiichukue. Ile elfu mbili ndiyo inayomwambia kwamba ana mkono.

Kijijini kwa bibi ni pazuri ikiwa anapapenda. Kumpeleka ili usimwone, atajua.

Siku ya matokeo

Matokeo ya kidato cha nne katika miaka ya karibuni hutoka mwishoni mwa Januari, lakini siku yenyewe haijulikani mapema. Kwa hiyo andaa mambo kabla ya Krismasi, wakati vichwa vimetulia. Kubalianeni na kijana mambo haya kwa sauti:

Nani atayafungua? Mwachie achague. Wengine wanataka kuona peke yao kwanza kwa dakika tano, na ni haki yao. Kaa nje ya mlango. Wengine wanataka wewe uone ndipo umwambie. Tovuti siku hiyo huelemewa na kukwama, ukurasa unazunguka nusu saa, na nusu saa hiyo inaweza kuwa mbaya kuliko matokeo. Msimwache peke yake na simu inayozunguka.

Nani ataambiwa, na lini? Orodha ya shule nzima huwa wazi, kwa hiyo mjomba mwenye namba yake ya mtihani anaweza kupiga kabla hujaijua habari. Tangu Desemba nyima watu namba hiyo. Mwambie mjomba kwa heshima, "Kaka, tutakupigia sisi." Na usiweke matokeo kwenye stetasi, hata yakiwa mazuri, mpaka mwenyewe akubali.

Sentensi yako ya kwanza ni ipi? Hili liandae kama unavyoandaa mahari. Mimi yangu nilikurupuka nayo, na miaka yote hii mwanangu anaikumbuka neno kwa neno. Sema kitu kifupi ambacho hakitegemei daraja: "Nimeona. Njoo tule." Kile chakula kiwepo kweli. Nilimshauri mama mmoja wa Kihonda apike wali na maharage ya nazi tangu asubuhi siku tetesi zilipozidi, akapika siku tatu mfululizo kabla matokeo hayajatoka. Binti yake alipata daraja la nne. Aliniambia baadaye kwamba alipoona sufuria imefunikwa mezani alijua hafukuzwi.

Siku hiyo msijadili kuresiti (kurudia mtihani), chuo, wala gharama. Hata kesho yake. Wiki moja haipotezi chochote. Baba akiwa na hasira, atoke akatembee, aende kwa rafiki yake, arudi imepoa. Mtoto akinyea mkono haukatwi.

Usiku wa siku tatu za mwanzo asilale chumba cha peke yake. Mdogo wake alale naye, au wewe sogeza godoro. Usimwambie unamlinda, sema unataka kuwa karibu naye.

Mambo yakiwa mazito

Kuna huzuni ya matokeo, inayolia, inayokula kidogo, na baada ya siku kadhaa inaanza kuuliza habari za mpira. Na kuna ile isiyoachia. Ukiona wiki mbili zimepita kijana hali wala kulala sawasawa, hajioshi, hana hamu na kitu chochote, au anazungumza kana kwamba hayupo, usisubiri. Akigawa vitu vyake anavyovipenda, akiaga watu kwa namna usiyoielewa, akisema "mtapumzika na mimi", au akijiumiza mwili, hapo ni leo leo.

Muulize wazi. Najua ulimi unakuwa mzito. Sema, "Mwanangu, umewahi kufikiria kujiua?" Kumuuliza hakumtii wazo kichwani, kama lipo, lipo tayari, na swali lako linampa mtu wa kulibeba naye. Akisema ndiyo, usipige kelele, usimwapize, usimwambie ni dhambi kwa wakati huo. Mshike mkono. Mwambie, "Asante kwa kuniambia. Siondoki." Kisha usiondoke kweli. Dawa za hospitali na dawa za shamba zifungiwe au zitoke nyumbani siku hiyo hiyo, zikae kwa jirani unayemwamini. Kesho asubuhi, au usiku huo huo kama hali inatisha, mwende hospitali.

Pa kuanzia ni kituo cha afya kilicho karibu, nao watakupa rufaa. Hospitali za rufaa za mikoa zina huduma ya afya ya akili. Ipo pia namba 116, Simu ya Huduma kwa Mtoto. Hailipiwi, na mtoto mwenyewe anaweza kupiga, au wewe ukiwa umekwama usijue pa kuanzia. Iandike ukutani jikoni mahali panapoonekana na kila mtu, pamoja na namba ya jirani mwenye gari, ili asijulikane nani amewekewa.

Najua kinachowarudisha watu nyuma, maana kilinirudisha mimi. Ni neno Mirembe. Tumelifanya jina la hospitali ile ya Dodoma kuwa tusi, kiasi kwamba mtoto akipelekwa hata kuzungumza na muuguzi wa afya ya akili hapa hapa mkoani, mtaa unasema amekwenda Mirembe. Hao wanaotibiwa kule ni wagonjwa na wanapona kama wengine. Na wengi wa vijana hawa hawahitaji kulazwa popote. Wanahitaji mtu aliyefunzwa kusikiliza, mara kadhaa, na baadhi yao dawa kwa muda.

Kuna na hofu ya polisi, kwa sababu sheria imelihesabu jaribio la kujiua kuwa kosa, na familia humficha mtoto ndani akiwa mahututi. Usimfiche. Uhai kwanza, hospitali kwanza. Mengine yatashughulikiwa na watu wazima mtoto akiwa anapumua.

Kuhusu maombi: mimi ni mtu wa sala na sitamkataza mtu kwenda kwa mchungaji wala kwa shehe. Nimeona kijana akitulizwa na dua. Ninachokataa ni kuambiwa aache hospitali ili imani yake ionekane, au kukesha akikemewa mapepo mbele ya watu wakati alichokuwa nacho ni usingizi uliomkimbia wiki tatu. Muulize kiongozi wako kabla hujampeleka mtoto: utamruhusu aendelee na matibabu? Akisema hapana, tafuta mwingine.

Baada ya hapo

Wiki ikipita, ndipo mfungue habari ya njia. Zipo zaidi ya mnavyofikiri: kurudia mtihani kama mtahiniwa wa kujitegemea, vyuo vya ufundi vya VETA, vyuo vya maendeleo ya wananchi, vyuo vya kati kwa wenye ufaulu unaoruhusu. Nendeni pamoja mkaulize kwenye ofisi zenyewe, msitegemee matangazo ya barabarani. Mpeni yeye kalamu aandike. Kuresiti kusiwe adhabu. Kama alisoma kwa njia iliyomchosha, kurudia kwa njia ile ile kunamrudisha pale pale.

Waliofaulu nao wasisahaulike. Baada ya Januari wana kusubiri kwingine, kupangiwa shule na TAMISEMI, ofisi ya serikali inayosimamia mikoa na serikali za mitaa, na kidato cha tano huanza Julai. Hiyo ni karibu nusu mwaka, na kila mtu ameshaacha kuwauliza hali zao kwa sababu wamefaulu.

Na kama nyumbani yupo mdogo wake aliye sekondari, mtazame. Matokeo ya upimaji wa kidato cha pili nayo hutoka Januari hiyo hiyo, hivyo huenda wana hofu mbili chini ya paa moja. Hata kama hana mtihani mwaka huu, yuko pale mlangoni anasikiliza. Binti yangu alikuwa darasa la sita mwaka ule wa 2013. Mwaka 2018, alipomaliza kidato cha nne yeye, Januari ilipokaribia aliniuliza tukiwa tunafua: "Mama, na mimi utaniambia nimekuvua nguo?" Nikaacha kufua, nikakaa naye kwenye jiwe, tukazungumza mpaka maji ya sabuni yakapoa.